Deni la Panyako

Wiki mbili zilizopita nilishuka Mudete usiku nikitoka Nakuru, na gunia la viazi na miguu iliyokufa ganzi. Baba mdogo alikuwa ameshazikwa. Nilikuja kwa siku ya kunyoa nywele. Kwetu Maragoli, hiyo ndiyo siku mzee wa ukoo husimama akauliza: nani anamdai marehemu, na marehemu anamdai nani? Ukinyamaza hapo, kesho usije kubisha mlango wa mjane.

Baba mdogo alikuwa na deni moja alilolitaja kwenye kila matanga ya ukoo, awe amekufa nani. Lilikuwa la babu.

Guga, ndivyo tunavyomwita babu, alichukuliwa mwaka 1941. Hakuwa Keya, yaani askari wa KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), wale ambao baadaye walipelekwa Bama, yaani Burma, kupigana na Wajapani. Yeye alikuwa Panyako. Neno lenyewe ni Pioneer Corps, lilipita vinywani mwa wazee wetu likatoka limekuwa la kwetu. Kazi yao ilikuwa kutengeneza barabara, kupakua mizigo, kuchimba mahandaki. Alifika Misri. Alirudi na blanketi la kijivu, Kiswahili cha kuamrisha watu, na tabia ya kulikunja blanketi hilo pembe kwa pembe kila alfajiri, hata alipokuwa mgonjwa. Malipo, alisema, hayakuwa yale aliyoahidiwa. Mwaka 2019 habari zilipotoka kwamba pesa za kuwaaga askari zilipangwa kwa rangi ya ngozi, Mzungu akipata hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo kilekile, baba mdogo aliikata habari hiyo gazetini akaiweka ndani ya Biblia. Nadhani bado imo.

Kutoka Nakuru ninakoishi, Gilgil si mbali. Niliwahi kuingia kwenye makaburi ya vita ya pale. Zaidi ya 200, mawe yamepangwa mistari, nyasi zimekatwa, kila mtu na jina lake. Nilitembea kwa adabu, na nikaona wivu, siwezi kuficha. Guga alirudi mzima akafia kitandani kwake. Kaburi lake liko karibu na migomba, saruji imepasuka, na neno vita halimo.

Sanamu ya askari pale Kenyatta Avenue, Nairobi, imeandikwa kwamba ukiipigania nchi yako, hata ukifa, wanao watalikumbuka jina lako. Hilo la jina hatukungoja kuambiwa. Akina Panyako wako watatu kwenye ukoo wetu sasa hivi: mmoja fundi wa pikipiki, mmoja yuko Qatar, na mmoja yuko darasa la tatu. Huyo mdogo ukimuuliza maana ya jina lake atakuambia ni babu aliyechimba mitaro Misri. Misri yenyewe anadhani ni ukishapita Kisumu.

Basi siku ya kunyoa, hema limejaa, mzee wa ukoo akauliza. Mwenye duka akadai shilingi 1,200 za misumari. Shemeji akakiri mbuzi mmoja, baada ya kuangaliwa sana na mkewe. Kisha pakawa kimya, kile kimya ambacho miaka yote baba mdogo ndiye aliyekivunja kwa kukohoa na kusimama. Wanaume wakaanza kutazama viatu vyao. Binamu zangu wote wanaijua hadithi hii kuliko mimi, lakini hakuna aliyeinuka.

Nikasimama mimi. Si kawaida sana mwanamke kusema hapo, tena aliyeolewa nje, na nilisikia shangazi mmoja akiguna.

"Panyako anadai," nikasema. "Malipo yake ya vita. Waliomchukua hawajamaliza kulipa."

Mzee wa ukoo akaitikia kwa kichwa, akamgeukia kijana mwenye daftari. "Andika."

Kijana akainua kalamu. "Niandike shilingi ngapi?"

Watu wakacheka. Mzee hakucheka.

"Acha nafasi," akamwambia.