Kuufuata Mpingo Kilwa

Mikono yangu imeshika mpingo tangu utotoni, lakini kwetu Mwenge, kwenye soko la wachonga vinyago Dar es Salaam, mti huo hufika kwa lori, umeshakuwa magogo. Uzee umenipa nafasi, nikasema safari hii nitaufuata mwenyewe kwao.

Basi la kusini liliondoka Mbagala alfajiri. Mkuranga, Kibiti, kisha Rufiji. Kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, tulivuka kwa pantoni pale Ndundu, na masika yakikolea watu walilala ng'ambo na mizigo yao. Marehemu baba alitoka mbali zaidi. Alivuka Ruvuma kutoka Mueda, Msumbiji, kama Wamakonde wengi wa rika lake, akaja kukata mkonge. Kuchonga ilikuwa kazi ya jioni. Mimi nilianzia kwenye msasa: mtoto anapewa kinyago kilichokamilika akisugue mpaka king'ae, na siku anayoshika tezo, shoka dogo la kuchongea, vidole vyake vimeshazoea maumbo yote.

Nilikulia katikati ya mitindo miwili. Roberto Yakobo Sangwani alikuwa ameleta dimongo, nguzo ya watu waliobebana, ambayo baadaye wengi waliiita ujamaa. Samaki Likankoa naye alikuwa ameanzisha mtindo wa kuchonga mashetani, wale viumbe wa jicho moja na viungo vilivyojikunja. Wanunuzi walitaka ujamaa, nami niliuchonga kwa wingi, ukasomesha watoto wangu. Ninaushukuru. Ila moyo wangu ulikuwa kwa shetani. Nguzo unaipanga kichwani kabla hujaanza. Shetani unamtafuta humohumo ndani ya gogo, lilipopinda nawe unapinda, penye kifundo ndipo jicho linapotokea.

Nangurukuru nilishuka, nikachukua bodaboda hadi kijijini. Kijana wa kamati ya maliasili alinipokea.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nionyeshe mpingo."

Kilwa ndiko misitu ya vijiji ilikopata cheti cha FSC, cheti cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri, mwaka 2009, na watu wake wanavuna kwa mpango. Tulitembea kwenye miombo mpaka akasimama mbele ya mti usio mrefu, gome la kijivu, vitawi vyenye ncha kali, shina limegawanyika karibu na ardhi. Aliuzungushia futi ya kamba, akatikisa kichwa: bado. Mpingo huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia kuvunwa. Niliushika kwa viganja viwili. Yawezekana tuko rika moja, na yeye bado ni kijana.

Hatua chache mbele palikuwa na kisiki cha mti uliovunwa. Pembeni weupe mwembamba, ndani weusi wenye rangi ya zambarau, katikati uwazi wa kuingia ngumi. Kando yake yalilala matawi yaliyopinda. Wanaotengeneza klarineti na obo, ala za muziki za kupuliza, hutaka mti ulionyooka usio na ufa, kwa hiyo haya yalibaki. Nilikaa chini nikaligeuza moja. Lilikuwa na vifundo viwili, na bonde lililozunguka kama kiuno. Mgongo niliuona, na goti, na pa kuanzia tezo. Nilifurahi mno, kijana akadhani nimeumwa na kitu.

Jambo linaloniuma ni hili: pale mjini vijana wenye mikono mizuri wanachonga miti myeupe na kuipaka dawa ya viatu, kwa kuwa bei ya mpingo imewashinda. Mti mwepesi hauwafundishi subira. Na huku shetani mzima amelala kwenye majani, anasubiri mchwa.

Nikaomba kupelekwa kwa mwenyekiti wa kamati. Tulizungumza hadi jioni: kibali, malipo ya kijiji, nyundo ya kugonga alama kwenye kila kipande, hati ya kusafirishia. Hakukataa. Alitaka tu wachongaji waje wenyewe kuchagua, wasitume dalali. Tumekubaliana tuje kabla ya masika, na vijana wanne nimeshawaambia wanoe tezo.