Simbilisi anajikuna? Tazama kwanza manyoya yametoka wapi

Kabla hujakimbilia agroveti, mbebe simbilisi hadi dirishani, umpulizie manyoya yafunguke hadi ngozi ionekane. Kipara kidogo nyuma ya kila sikio ni cha kawaida, kila simbilisi anacho. Kipara mahali pengine popote kina jambo la kukueleza.

Upele ndio unaowatesa zaidi. Unaletwa na Trixacarus caviae, utitiri usioonekana kwa macho, unaochimba ndani ya ngozi. Tazama mapaja, mgongo na shingo: manyoya yanang'oka kwa vishungi, na ngozi chini yake ni nene, ya manjano, yenye magamba makavu. Mwasho wake ni mkali mno. Ukimgusa tu mgongoni anaweza kuanguka akatetemeka kama mwenye kifafa. Akifika hapo usimwogeshe, usimshikeshike. Ni wa kupelekwa kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.

Dawa ni ivamektini, na hapa ndipo watu wanapoua wanyama wao kwa nia njema. Chupa ya agroveti ni ya ng'ombe: asilimia 1, yaani miligramu 10 kwa kila mililita. Simbilisi hupewa hadi miligramu 0.4 kwa kila kilo ya uzito. Mwenye gramu 900 basi ni miligramu 0.36, ambayo ni mililita 0.036 tu. Kwenye sindano ya mililita 1 yenye mistari 100, hiyo haifiki hata mstari wa nne. Ukiteleza mistari minne umempa dozi maradufu. Kuichanganya na maji hakusaidii, kwa sababu haiyeyuki vizuri ndani ya maji. Mpime kwa mizani ya jikoni, umwambie daktari gramu zake, yeye ndiye apime dawa.

Dawa haiui mayai, kwa hiyo dozi hurudiwa kila baada ya siku 7 hadi 10, kwa kawaida mara tatu. Wote wanaoishi pamoja watibiwe, hata asiyejikuna. Mwenye mimba ataamuliwa na daktari. Siku ya kila dozi tupa matandiko yote, na kizimba ukioshe kwa maji ya moto.

Tafadhali, dawa ya kuogeshea ng'ombe isimguse. Matone ya viroboto ya mbwa yenye fiproni pia hapana. Na usimpe kamwe amoksilini iliyobaki nyumbani ukidhani itakausha vidonda: inaua bakteria wazuri wa tumbo lake, anaharisha na kufa.

Magamba yakiwa puani, kuzunguka macho na masikioni, shuku choa. Hicho huambukiza watu, watoto hasa, kwa hiyo vaa glavu. Jike aliyepita mwaka mmoja, mwenye vipara vinavyolingana mbavuni pande zote mbili bila kujikuna, huenda ana uvimbe wa maji kwenye ovari, na hakuna mafuta ya kupaka yatakayomsaidia.

Manyoya yaliyokauka na kusimama bila kipara hutokana mara nyingi na chakula. Simbilisi hatengenezi vitamini C mwilini. Anahitaji miligramu 10 hadi 30 kwa kilo kila siku. Peleti za sungura hazitoshi, maana sungura hujitengenezea mwenyewe na wanaozitengeneza hawana haja ya kuiongeza. Gramu 30 za pilipili hoho mbichi kila siku zinamtosha mwenye kilo moja. Sukuma wiki ina vitamini nyingi pia, ila kalsiamu yake huchangia mawe ya kibofu. Jani moja, mara mbili tatu kwa wiki, basi. Kutia matone ya vitamini kwenye maji ni kupoteza pesa: huharibika upesi, na ladha ikibadilika mnyama hunywa kidogo.

Baridi ya Julai hapa Nairobi matandiko hayakauki, na mkojo huunguza tumbo na nyayo. Tandika magazeti, juu yake nyasi kavu za boma rodi kwa wingi, uondoe palipolowa kila asubuhi. Maranda ya seremala yenye vumbi na harufu kali ya msonobari yaache huko huko karakana.