Kilichobandikwa nyuma ya programu

Mama mmoja muuza dagaa wa Mwaloni, Kirumba, ameniletea flashi yenye faili moja tu: setup.exe, kisakinishi cha programu aliyokuwa akitunzia hesabu za magunia na madeni. Kompyuta ya zamani imekufa, kijana aliyemtengenezea hapatikani kwa simu, na kwenye kompyuta mpya antivairasi inapiga kelele. "Fundi, hii ni virusi au siyo?" Nikamwomba aniachie, maana faili la namna hiyo silibofyi hivi hivi.

Faili za Windows za aina hii huanza na herufi MZ, za Mark Zbikowski wa Microsoft. Nafasi ya 60, ukihesabu baiti toka mwanzo wa faili, inakuelekeza kilipo kichwa cha PE (maelezo ambayo Windows husoma ili kuipakia programu), na baada yake kuna jedwali la sehemu: kila moja inaanzia wapi ndani ya faili, na ina ukubwa gani. Chukua ile inayoishia mbali kuliko zote, jumlisha mwanzo wake na ukubwa wake. Hapa ilikuwa 91,136 na 5,120, basi programu inakomea 96,256. Faili zima lina baiti zaidi ya milioni tatu! Hizo zilizobaki Windows haizipakii kwenye kumbukumbu. Programu yenyewe ikishaanza ndiyo hulifungua faili lake na kuzisoma.

Antivairasi kushtuka siilaumu. Wapo wanaoficha uchafu humo, na wapo wanaojaza sifuri tupu ili faili liwe kubwa mno kukaguliwa. Ila saini ya kidijitali, ile inayothibitisha nani ametoa programu, nayo hukaa huko huko nyuma, kwa hiyo nilitazama kwanza anwani yake kwenye kichwa cha PE. Sifuri, faili halina saini.

Nikaruka hadi 96,256 kwenye kihariri cha heksa, programu inayoonyesha baiti za faili moja moja. Nikakuta ;!@Install@!UTF-8!, kisha mistari michache inayosomeka, mmoja ukitaja programu ya kuendeshwa, halafu baiti 37 7A BC AF 27 1C, alama ya mwanzo wa faili lililobanwa kwa 7-Zip. Hizo mbili za mwanzo, zikisomwa kama herufi, ni "7z". Nikakata kwa dd, amri ya kunakili kipande cha faili, kuanzia kwenye alama hiyo, 7-Zip ikafungua. (Mara nyingi 7-Zip hulifungua hata faili zima bila kukata, lakini mimi napenda kuona kwa macho yangu.) Ndani kuna programu, na folda ya violezo vya risiti. Nimevikagua kimoja kimoja, sijaona cha kutisha.

Nilipompigia, swali lake la kwanza: madeni yamo? Hayamo, mama. Kisakinishi hubeba programu, daftari lako limebaki kwenye diski ya ile kompyuta iliyokufa. Kumbe iko Igoma kwa mdogo wake. Kesho anaileta.