Siku moja maishani mwangu: kupanga nyimbo za bendi ya roki, Malindi

Kwenye bendi yetu sishiki gitaa wala maiki. Kazi yangu ni kuamua wimbo upi unatangulia na upi unafuata, jukwaani na kwenye albamu, kisha kusimamia uamuzi huo mpaka watu wanaondoka. Wengi hudhani wimbo ukishajulikana, kinachobaki ni kuupiga tu. Siku hii ni ya msimu wa kaskazi, hoteli za Malindi zikiwa zimejaa, na bendi ina shughuli ya usiku.

Saa mbili asubuhi

Mahamri, mbaazi, chai, halafu kompyuta. Asubuhi ni ya albamu kwa sababu masikio hayajachoka. Nyimbo kumi za bendi zimerekodiwa, na fundi anayetengeneza nakala ya mwisho anasubiri mpangilio, maana yeye ndiye anayepima kimya kati ya wimbo na wimbo. Sekunde mbili ndizo za kawaida. Baada ya wimbo mzito uliokatika ghafla, nne hazitoshi. Baada ya wimbo unaofifia polepole, hata moja ni nyingi.

Sisikilizi nyimbo nzima. Nimeshazijua. Nasikiliza viungo: sekunde ishirini za mwisho za wimbo mmoja na ishirini za mwanzo za ule unaoufuata. Kila wimbo una kikaratasi chake mkekani kinachosema ufunguo (noti ambayo wimbo umejengwa juu yake), kasi, unaanzaje na unaishaje. Nyimbo tatu mfululizo zenye ufunguo wa E zinachosha sikio hata kama msikilizaji hajui E ni nini. Mbili zenye mipigo 120 kwa dakika zikifuatana zinasikika kama wimbo mmoja mrefu. Wimbo ukishuka nusu toni kutoka ule uliotangulia unaonekana umelegea, hata ukiwa umepigwa vizuri. Hapo ndipo vikaratasi vinapohama, na kimoja kikihama viungo vingine vitatu vinavunjika.

Utaratibu mwingi tunaoufuata tumerithi kutoka kwenye santuri. Santuri ya inchi kumi na mbili huzunguka mara 33 na theluthi kwa dakika, na kila upande hubeba vizuri dakika 18 hadi 22. Ukirefusha zaidi, mifereji inayopitwa na sindano inabanana na sauti inapungua nguvu. Tena, sindano ikiwa ukingoni inapita karibu sentimita 50 za mfereji kwa sekunde. Ikikaribia katikati inapita kama 21 tu, kwa hiyo sauti kali na nyembamba, kama matoazi na herufi "s" za mwimbaji, zinaanza kukwaruza. Ndiyo maana albamu nyingi za roki za zamani ziliweka nyimbo za vishindo mwanzoni mwa upande na za upole mwishoni. Sababu ilikuwa plastiki, na tabia ikabaki hata plastiki ilipoondoka.

Pande mbili pia ziliwapa wanamuziki nguzo nne: wimbo wa kufungua na wa kufunga kila upande. Bruce Springsteen, mwanaroki wa Marekani, aliijenga albamu yake *Born to Run* ya mwaka 1975 hivyo hivyo, nyimbo nane tu, zile nne nzito zikiwa kwenye nguzo hizo. Kwa wanaodhani kazi hii imebuniwa Malindi, mwaka 1987 bendi ya U2 ya Ireland walipomaliza albamu ya *The Joshua Tree*, walimpa mwimbaji Kirsty MacColl jukumu la kupanga nyimbo. Walimwambia ya kwanza na ya mwisho, zilizobaki akazipanga mwenyewe. Albamu hiyo ikawa kubwa duniani kote.

Siku hizi msikilizaji yuko kwenye simu, ndani ya tuktuk, na anaweza kuruka wimbo kabla haujafika kiitikio. Spotify huhesabu wimbo umesikilizwa ukishafikisha sekunde 30. Kwa sababu hiyo watu wengi hushauri nyimbo tatu kali ziwekwe juu na nyingine zimwagwe chini. Sikubaliani nao. Albamu ya namna hiyo inakufa wimbo wa nne, na anayefika wa nne ndiye msikilizaji wa kweli. Leo wimbo wa pili kwa ukali umekaa nafasi ya sita, palipokuwa pakiitwa mwanzo wa upande B. Wa saba ni wa kinanda na sauti peke yake. Orodha inatumwa saa tano kasoro.

Saa sita mchana

Orodha ya usiku. Jukwaani mambo hugeuka, kwa sababu nyimbo zinapigwa na miili ya watu.

Shughuli ni ya dakika tisini. Kwenye karatasi, nyimbo za dakika nne zingekuwa ishirini na mbili. Ukweli ni kwamba makofi, maji, neno la mwimbaji na gitaa kutuniwa, yaani kurekebishwa sauti za nyuzi, hula zaidi ya nusu dakika kila wimbo, kwa hiyo naandika kumi na tisa. Tatu kati ya hizo naziwekea nyota: ndizo zitakazokatwa muda ukibana, na zimekaa mahali ambapo zikiondoka, wimbo wa kabla na wa baada vinashikana bila mshono kuonekana.

Mwimbaji kwanza. Noti yake ya juu kabisa haiwekwi kwenye wimbo wa kwanza wala wa pili, koo halijapata moto. Nafasi nzuri ni ya nne au ya tano, na baada yake unafuata wimbo ambao solo ni ndefu au anaimba mpiga besi. Halafu mpiga dramu. Nyimbo za mipigo 160 kwenda juu zisizidi mbili mfululizo, la sivyo ya tatu inaanza kuburuta, na watu watasema bendi imechoka kumbe ni mkono mmoja tu uliochoka.

Halafu gitaa. Nyimbo nne zetu zinapigwa uzi mnene ukiwa umeshushwa kutoka E hadi D. Kushusha ni rahisi. Kurudisha ndiko kwenye taabu: mvuto wa shingo unabadilika, nyuzi za jirani nazo zinayumba, na dakika nzima inapotea watu wakitazama mgongo wa mpiga gitaa. Nyimbo hizo hukaa pamoja, mbili mbili, na mwimbaji hupewa la kusema hapo hapo.

Wimbo wa kwanza si ule tunaoupenda kuliko zote. Vyombo hujaribiwa uwanja ukiwa mtupu, lakini watu wakijaa, miili yao inameza sauti nyembamba na kila kitu kinabadilika. Kwa hiyo naanza na wimbo unaofunguliwa na dramu, kisha besi, kisha gitaa, sauti ya mtu ikichelewa kuingia. Fundi mitambo anapata karibu dakika moja ya kupanga miksa, yaani uwiano wa sauti za vyombo, kabla neno la kwanza halijatamkwa. Hakuna mgeni anayejua kwamba dakika hiyo ni ya matengenezo.

Saa tisa alasiri

Vyombo vinapakiwa, tunashuka barabara ya Casuarina hadi hotelini. Magitaa yanatolewa mifukoni mapema na kuachwa kivulini jukwaani nusu saa, kwa sababu gitaa likitoka chumba chenye kiyoyozi likaingia kwenye unyevu wa bahari, mbao hutanuka na nyuzi huhama. Ukilituni mara tu unapolitoa, utalituni tena baada ya wimbo wa kwanza.

Nakala za orodha ni saba: za wanamuziki watano, ya fundi mitambo na ya mtu wa taa. Kalamu nene nyeusi, herufi kubwa, jina fupi la wimbo, ufunguo, nani anaanza. Nyekundu haitumiki kamwe. Taa nyekundu ikiwaka, maandishi mekundu hayaonekani kabisa.

Saa kumi na moja, na kuendelea

Mwenye shughuli anafika. Ni mfanyabiashara wa hapa mjini, anaadhimisha miaka ya ndoa, na nusu ya wageni wake ni Waitalia anaofanya nao kazi. Orodha alishaipata kwa WhatsApp na akaikubali.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Sasa, ule wimbo wa Vasco Rossi uwe wa pili."

Wimbo wenyewe ni *Albachiara*, wa mwaka 1979, na kwenye orodha ulikuwa wa mwisho. Vasco Rossi, mwanaroki wa Italia, hufungia nao matamasha yake, na Muitalia aliyekulia na desturi hiyo anajua ukipigwa maana yake nini. Ukiupiga saa tatu, wataimba kwa machozi na vicheko, halafu wataanza kutafuta mikoba. Namweleza hivyo.

"Nyimbo ni zile zile. Kuzipanga huku au kule kuna tofauti gani?"

Swali hili naulizwa kila msimu, na halijibiwi kwa maneno. Nampa kiti karibu na fundi mitambo, naiomba bendi ipige dakika moja ya mwisho wa wimbo wa kwanza na kuingia *Albachiara*, halafu ipige ule mwisho tena na kuingia wimbo uliopangwa. Mara ya kwanza vishindo vinaangukia kwenye utulivu na jukwaa linaonekana limezimika. Mara ya pili mguu wake mwenyewe unagonga chini. Anakubali.

Anaondoka, anarudi. Shemeji yake anataka chakula kiliwe kwa nyimbo laini, zote. Laini zikifuatana sita, sauti za mezani zinapanda juu ya bendi na hazishuki tena usiku huo, kwa hiyo tunapatana laini tatu, moja ya wastani katikati, kisha mbili. Anaondoka, anarudi. Keki. Keki ilikuwa baada ya wimbo wa kumi, sasa ni baada ya wa saba kwa sababu mama yake hakeshi. Hilo siwezi kulibishia, mama ni mama. Lakini wa saba na wa nane ni zile za D, na keki ikiingia katikati yake mpiga gitaa atasimama dakika kumi na gitaa lililolegea kwenye upepo, asijue hali yake mpaka aliguse. Jozi nzima inahamia baada ya hotuba. Hapo wa tisa unapanda hadi nafasi ya saba, nao una noti ya juu sana, jirani mno na ule wa tano. Nabadilisha na wa kumi na mbili. Nakala saba zote zinaandikwa upya, jua limeshazama, kalamu inakauka, na anarudi kuuliza kama mjukuu wake anaweza kuimba. Anaweza. Wimbo mmoja, kabla ya keki, kwa ufunguo wake yeye.

Usiku

Tunaanza kwa kuchelewa dakika ishirini na tano. Saa tano kamili muziki lazima uzimwe, kwa hiyo nyimbo mbili zenye nyota zinakatwa kabla hata ya kupanda jukwaani. Wimbo wa kwanza unafanya kazi yake, fundi anapandisha sauti ya mwimbaji kabla hajaingia. Chakula, mjukuu, keki. Hotuba zinarefuka.

Umeme unakatika katikati ya jozi ya D. Jenereta inachukua muda kushika, na mitambo ya kidijitali nayo inahitaji kuwaka upya. Hapa kuna wimbo ambao hauko kwenye orodha ya mtu yeyote ila yangu, wa gitaa kavu, lisilohitaji umeme, na makofi, uliowekwa kwa ajili ya giza. Mpiga gitaa la rithimu anajua ishara. Mwimbaji anashuka mezani bila maiki. Taa zinaporudi haturudi pale tulipokatikia: watu wameshasimama, na kuwarudisha kwenye wimbo mzito wa kati ni kuwakalisha. Naruka nyimbo mbili, nainua vidole vitatu kwa mpiga dramu, yaani nambari ya tatu kutoka chini, na wanaingia moja kwa moja bila maneno. Miguu inauma kuanzia kwenye nyonga.

Saa tano kasoro dakika sita, *Albachiara*. Waitalia wanasimama wote, na wenyeji waliosikia kiitikio mara moja wanakiimba mara ya pili. Mwenye shughuli ameshika mkono wa mkewe na ananitazama kutoka pale alipo. Muziki unazimwa dakika mbili kabla ya saa.

Kukunja waya, kupakia, kuandika nyuma ya karatasi: muda halisi wa kila wimbo, wapi watu walikaa, wapi walisimama, kiungo kipi kilivuja. Wa nne kwenda wa tano ulivuja, sekunde kumi na moja za ukimya kwa sababu kapo, kibanio cha shingo ya gitaa, haikuwa mahali pake. Kesho ni Watamu, seti mbili za dakika arobaini na tano, na orodha yake haijaanzwa.