Je, Moscow ingeanguka Agosti 1941?

Swali hili huwagombanisha wapenzi wa historia kila linapoulizwa: Ujerumani ilipouvamia Umoja wa Kisovieti mwaka 1941, kama Hitler asingegeuza vifaru vya jenerali wake Guderian kusini kuelekea Kiev, na badala yake angesonga moja kwa moja Moscow, je, angeshinda? Majenerali wake walionusurika walijibu ndiyo. Jibu liliwafaa, maana wa kulaumiwa alikuwa ameshakufa.

Sikubaliani nao, na sababu yangu ya kwanza ni reli. Za Kisovieti zilikuwa na upana wa milimita 1,524, za Kijerumani 1,435. Kusogeza chuma kimoja milimita 89 si kazi kubwa: mataruma yanayoshikilia reli yalikuwa ya mbao, unang'oa misumari, unasogeza, unagongomea upya. Balaa lilikuwa kwenye maji. Vichwa vya treni vya Kisovieti vilikuwa vikubwa, vikibeba maji na makaa mengi, hivyo vituo vya kujazia vilijengwa mbali kimoja na kingine. Vya Kijerumani havikuweza kufika kituo kinachofuata, ikabidi vijengwe vingine katikati. Baridi ilipoingia, mabomba ya vichwa vya Kijerumani, yaliyopita nje ya bwela (tangi la kuchemshia maji), yakaganda na kupasuka.

Reli ilipoishia, mzigo ulichukuliwa na malori na farasi, ambao jeshi zima liliingia nao wapatao 600,000. Malori mengi yalikuwa ya kuokoteza, ngawira za Ufaransa zikiwemo, kila aina na vipuri vyake. Barabara za vumbi zilitafuna injini, na kadiri safari ilivyorefuka ndivyo lori lilivyotumia mafuta mengi kupeleka mafuta. Hesabu za wapangaji wenyewe zilikomea kama kilomita 500 kutoka mpakani. Moscow iko kama 1,000.

Kwa hiyo Agosti jeshi la Kijerumani la kati, lililoelekea Moscow, lilikuwa limekwama maeneo ya Smolensk likisubiri risasi na mafuta, huku likipigwa Yelnya, mji ambao Wasovieti waliukomboa 6 Septemba. Ubavuni, upande wa Kiev, kulikuwa na askari wa Kisovieti zaidi ya laki tano. Kamanda gani angewaacha hapo akaenda zake Moscow? Kugeukia Kiev lilikuwa chaguo lenye nafuu.

Kosa lilikuwa kwenye mpango wenyewe, uliotegemea Jeshi Jekundu, yaani jeshi la Kisovieti, livunjike magharibi ya mito Dvina na Dnieper. Tarehe 11 Agosti Halder, mkuu wa utumishi wa jeshi la nchi kavu la Ujerumani, aliandika kwamba walitarajia divisheni 200 za Kisovieti na tayari walikuwa wamehesabu 360. Nguo za baridi nazo zilibaki nyuma, Poland, kwa sababu treni chache zilizokuwepo zilibeba risasi na mafuta kwanza.

Uamuzi wa Hitler wa kuitangazia Marekani vita 11 Desemba, siku sita baada ya Wasovieti kuanza kujibu mapigo Moscow, ni mgumu zaidi kuutetea. Mkataba na Japani haukuwalazimisha Wajerumani, kwani Japani ndiyo iliyoshambulia.

Mwaka 1942 ugonjwa wa mipango kuzidi uwezo ulijirudia. Amri ya Hitler ya 23 Julai iligawa jeshi la Kijerumani la kusini, nusu Stalingrad, nusu visima vya mafuta vya Kaukazi, kabla lengo lolote halijatimia. Maikop, mji wa mafuta wa Kaukazi, ilitekwa 9 Agosti, visima vikiwa vimeshaharibiwa na Wasovieti. Na hata vingekuwa vizima, mafuta hayo yangefika Ujerumani kwa reli ipi?