Gari kivulini, sola juani: tulivyopata umeme wa kutosha Ushongo

Ukiwa na gari la kulala ndani, pwani ya Tanga inakupa mambo mawili yanayovutana. Gari linataka kivuli. Ikifika saa nne asubuhi bati la juu halishikiki, na ndani mtu hakai. Sola nayo inataka jua, tena jua tupu. Ndiyo maana sikukubali kufungiwa paneli juu ya bodi, ingawa mafundi wengi ndivyo wanavyoshauri. Nilinunua paneli mbili za kukunja, wati 100 kila moja, zenye miguu yake, ili Hiace ikae chini ya mwembe na paneli zikae uwanjani. Uamuzi huo nausimamia hadi leo. Ila kati ya paneli na betri pana mengi, na mengi yake dukani hayasemwi.

Ndani ya gari nimetoa viti vya nyuma, pana kitanda cha mbao na friji ndogo ya kompresa inayotumia volti 12. Friji hiyo ndiyo chanzo cha yote. Mama yangu anatumia insulini, na ndugu zake wako upande wa kusini wa mto Pangani. Shamba la minazi tunalofikia Ushongo halina umeme. Insulini ambayo haijafunguliwa inatakiwa ikae kati ya nyuzi 2 na 8 za sentigredi, na isigande hata kidogo. Iliyokwisha kufunguliwa, kwa aina nyingi, inavumilia nje ya friji kama wiki nne, mradi joto lisizidi nyuzi 30. Sasa mwezi wa pili huku kwetu nyuzi 30 ni joto la asubuhi tu. Mama alikuwa akienda kwao anabeba dawa kwenye chupa ya chai yenye barafu, barafu ikiyeyuka anaaga, hata kama shughuli iliyompeleka haijaisha. Nilikuwa naumia kumwona akiondoka msibani kabla ya wenzake.

Hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Friji yangu kompresa ikizunguka inakula kama ampea 4. Gari likiwa kivulini inazunguka takriban nusu ya muda, kwa hiyo kwa saa 24 ni kama ampea-saa 48, yaani ampea 4 mara saa 12. Ongeza taa na simu zetu, tuseme 55. Gari likiwa juani friji haipumzi na hesabu yote inavurugika, ndiyo maana nasema kivuli cha gari nacho ni umeme. Betri niliyochukua ni ile kavu ya sola, aina ya AGM, ya ampea-saa 100. Betri ya risasi ya namna hiyo ukitaka idumu usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo unachotumia kwa kweli ni 50 tu. Betri ya kuwashia gari haifai kwa kazi hii: imetengenezwa itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache, na ukiikamua usiku kucha mara kwa mara inakufa mapema. Wati 200 za paneli, kwa jua la pwani na hasara za hapa na pale, zinarudisha kama hizohizo 50 na kitu kwa siku nzuri. Inatosha, lakini hakuna cha kupoteza njiani. Na njiani ndiko kulikokuwa kunapotea.

Paneli za kukunja nyingi zinakuja na kontrola, kile kifaa kinachosimamia umeme unaoingia kwenye betri, imeshabandikwa mgongoni mwa paneli, na waya mrefu wenye klipu mbili, nyekundu na nyeusi, za kubana kwenye betri. Ukiangalia unaona kazi imekwisha: kunjua, bana, subiri. Jua la Ushongo likawaka siku nzima, taa ya kontrola ikaonyesha betri imekaribia kujaa, lakini usiku wa manane friji ikalia na kuzima kwa sababu volti zimeshuka. Nikadhani betri ni mbovu. Niliporudi Tanga nikampelekea fundi mmoja wa Ngamiani. Hakuigusa betri. Alikunjua paneli kwenye uwanja wa karakana yake, akachukua mita, akapima kwanza kwenye kontrola, kisha akatembea hadi mwisho wa waya akapima kwenye vichwa vya betri. Kwenye kontrola ilisoma volti 14.4. Kwenye betri, 13.2.

“Dada, hii kontrola inajipima yenyewe,” akaniambia. “Inaona 14.4 inasema mzigo umefika. Mzigo umebaki kwenye waya.”

Nikamwomba anieleze polepole, na alichonieleza nimekihakiki mwenyewe mara nyingi tangu hapo. Waya uliokuja na paneli ulikuwa wa 2.5, yaani unene wa milimita 2.5 za mraba, urefu wa mita 10. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo hesabu ni mita 20. Waya wa shaba wa 2.5 ukipitisha ampea 8 kwa mita 20 unakula zaidi ya volti moja. Kwenye umeme wa nyumbani wa volti 230 huwezi hata kuiona hiyo volti moja. Kwenye mfumo wa volti 12, ambako tofauti ya betri iliyojaa na iliyofika nusu ni nusu volti tu, volti moja ni kila kitu. Betri ya AGM inataka ifikishwe kama 14.4 na ishikiliwe hapo kwa saa kadhaa ndipo ijae. Yangu ilikuwa haipati kuifikia kabla jua halijazama.

Dawa ikawa ni kuing'oa kontrola mgongoni mwa paneli na kuileta ndani ya gari, karibu kabisa na betri, waya kati yao usiozidi urefu wa mkono. Waya mrefu sasa uko upande wa paneli, ambako volti zipo za kupoteza: paneli inayoitwa ya volti 12 inatoa kama 18 ikifanya kazi. Lakini hata hapo usijiachie. Paneli ikipata joto volti zake zinashuka, na mchana wa Ushongo kioo chake kinaweza kufika nyuzi 65. Ile 18 inakuwa 15 na nusu hivi. Ukiitoa volti moja na nusu ya waya mwembamba unabaki na 14, na betri inataka 14.4. Kwa hiyo tulibadilisha na waya, tukaweka wa 6. Ni mzito kuukunja na bei yake inauma, lakini hasara yake ni kama theluthi mbili ya volti tu. Fundi akaweka fyuzi ya ampea 20 karibu na kichwa chanya cha betri, maana waya ukichubuka ndani ya gari lenye godoro na mapazia, betri haitauliza, itawasha moto.

Safari iliyofuata friji haikulia. Mama alikaa hadi hitima ikasomwa, akabaki na dada zake hadi alipochoka mwenyewe.

Mpangilio wa kuunganisha nao una utaratibu wake: kontrola inaunganishwa na betri kwanza, ili ijue inafanya kazi na volti ngapi, ndipo paneli inachomekwa. Wakati wa kufungasha ni kinyume, paneli inatoka kwanza.

Suala jingine ni kuelekeza. Kijitabu kilichokuja na paneli kinasema zielekezwe kusini. Kimeandikwa kwa watu wa Ulaya. Tanga iko kama nyuzi 5 kusini ya ikweta, na jua linapita utosini mwetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba. Katikati ya hapo, miezi yote ya kipupwe, jua la adhuhuri liko kaskazini. Mwezi wa sita ukisimama saa sita mchana kivuli chako kinalala upande wa kusini, na paneli inataka kuinuliwa kama nyuzi 28 kuelekea kaskazini. Desemba unaigeuza kusini, kwa mwinuko mdogo zaidi. Sibebi kifaa cha kupimia. Nasimamisha kijiti juu ya paneli, wima na uso wake, na kuiinamisha hadi kivuli cha kijiti kiishe. Asubuhi naielekeza mashariki, adhuhuri nailaza, alasiri magharibi. Hii ndiyo faida ambayo paneli iliyofungwa juu ya gari haitakupa kamwe, na kwa macho yangu inalipa usumbufu wote wa kuzikunjua.

Kivuli cha mnazi kinadanganya sana. Ukiangalia mnazi unaona una kivuli chepesi, upepo ukivuma kinahama, huoni neno. Lakini seli za paneli zimeungana kwa mfululizo, na kuti moja likiangukia seli chache linabana njia ya umeme wa nyingine zilizo juani. Nimekaa nikitazama ampea kwenye kontrola zikitoka 9 hadi 5 kwa kivuli cha kuti moja, na kurudi 9 kuti likihama. Ndiyo sababu paneli zangu mbili nimeziunganisha sambamba, chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, hata baada ya kununua kontrola ya MPPT, aina inayoweza kupokea volti kubwa na kuzigeuza ampea. Fundi alitaka tuziunganishe kwa mfululizo ili ampea zipungue na waya upumue, na kwa uwanja wa wazi yuko sahihi kabisa. Mimi nakaa kwenye minazi. Kwa mpangilio wangu, moja ikifunikwa nyenzake inaendelea kuchapa kazi.

Upepo wa kusi usiuchezee. Paneli iliyoinuliwa ni tanga, na ikibebwa na upepo ikaanguka kifudifudi kwenye mawe ya matumbawe, kioo ni mara moja. Naifunga kila mguu kwa kamba ya mkonge kwenye kigingi kilichopigwa ndani mchangani. Kamba hiyo naipata kwa urahisi, maana njia ya Tanga kwenda Pangani imepita kwenye mashamba yenyewe ya mkonge pale Kigombe. Naipenda kwa sababu fundo lake halitelezi. Chumvi nayo inatua juu ya kioo usiku kucha, unaifuta asubuhi kwa kitambaa na maji baridi, kioo kikiwa bado hakijapata moto. Vichwa vya betri na klipu navipaka grisi, la sivyo ule ukungu wa kijani unaota na volti zinaanza tena kupotea.

Kisha kuna simu. Shambani habari ikienea kwamba pana umeme, hukosi wageni. Mjomba wangu ndiye wa kwanza kufika, simu mbili mkononi.

“Mwanangu, jua lote hili, visimu viwili vitakumalizia nini?”

“Si viwili mjomba, nyuma yako wapo wanane.”

Simu moja ya kisasa, ikichajiwa kutoka sifuri, inakula kama ampea-saa 2 za betri yangu. Simu kumi ni 20, karibu nusu ya akiba ya usiku mzima. Kumkatalia mjomba siwezi na sitaki. Nilichofanya ni kupanga saa: simu zinaletwa baada ya swala ya adhuhuri na kuondoka kabla ya alasiri. Saa hizo betri inakuwa imekaribia kujaa na inapokea kidogo kidogo, kwa hiyo umeme wa paneli unabaki mwingi usio na pa kwenda, na simu zinaula huo. Jioni hakuna kuchomeka.

Masika ni habari nyingine. Mawingu ya Aprili na Mei yakitanda, paneli zinatoa ampea moja au mbili, na hakuna kuelekeza kutakakozidisha. Kwa miezi hiyo fundi aliniwekea relei, swichi inayojiwasha yenyewe, inayoiunganisha betri ya friji na altaneta inayochaji betri ya gari injini ikiwaka, na kuitenganisha injini ikizimwa ili friji isije ikaikamua betri ya kuwashia. Tunaondoka Tanga na chupa za maji zilizogandishwa, zinapangwa pembeni mwa friji, insulini inakaa katikati ndani ya kikopo ili isiguse barafu. Taa inawashwa moja. Asubuhi nazima friji kidogo, naiacha betri itulie, nasoma mita. Ikionyesha 12.5 tunashinda hapohapo. Ikionyesha 12.2 nawasha gari, na siku hiyo ndiyo tunayokwenda sokoni Pangani.