Kodi ya mauzo kwenye mnada wa zimamoto: nilivyoipanga Pennsylvania

Ukiwa mweka hazina wa kikosi cha zimamoto wa kujitolea hapa jimbo la Pennsylvania, Marekani, usichanganye kununua na kuuza. Kila upande una sheria yake. Kodi ya mauzo ni asilimia 6, ila kaunti ya Allegheny ni 7 na Philadelphia ni 8. Si kama VAT ya nyumbani: bei iliyobandikwa rafuni haina kodi, inaongezwa kwa keshia, na hapo ndipo pa kuizuia.

Barua ya IRS (mamlaka ya kodi ya taifa) ya 501(c)(3), yaani hadhi ya shirika la hisani, peke yake haisamehi kodi ya jimbo. Nilijaza fomu REV-72 ya kuomba msamaha kwa Idara ya Mapato ya jimbo, na msamaha ukaja na namba ya tarakimu nane inayoanzia 75. Ninaponunua, naiandika kwenye REV-1220, cheti cha msamaha, nampa muuzaji, nabaki na nakala. Fomu hiyo haipelekwi serikalini. Bili ikifika dola 200 naambatisha na REV-1715, tamko la shirika lenye msamaha. Kwa mahema na meza za dola 2,400, hiyo ni dola 144 zinazobaki kwetu.

Kinachoharibu mara nyingi ni mwanachama kulipa kwa kadi yake akitegemea kurudishiwa. Fedha zitoke kwenye akaunti ya kikosi. Wengine huandika EIN (namba ya kodi ya taifa ya shirika) mahali pa ile namba ya 75. Mkandarasi anayejenga ukumbi mpya naye hawezi kununulia vifaa kwa namba yetu, hata akibembeleza. Kodi ikishakatwa kimakosa, mwombe muuzaji arudishe. Akikataa, kuna ombi la REV-65 kwa Bodi ya Rufaa, ndani ya miaka 3.

Namba ya 75 ni ya vitu vya kutumia, si vya kuuza tena. Ukiagiza vikombe 300 vyenye nembo uviuze, haikusaidii.

Upande wa kuuza, tunategemea kanuni ya mauzo ya nadra, ambayo ukibaki ndani yake hutozi kodi: yasizidi mara 3, wala jumla ya siku 7, katika mwaka wa kalenda. Masharti yote mawili, si mojawapo. Mnada wa siku 4 na soko la vitu vikuukuu la siku 3 vinamaliza siku zote, ingawa umeuza mara 2 tu. Meza ya siku moja mwezi Desemba inakufikisha siku ya 8. Ndiyo maana nimebandika kalenda ukutani kituoni, na hakuna anayetangaza tarehe kabla sijaiandika pale. Mkijua mtapita, chukueni leseni ya kodi ya mauzo mapema kupitia myPATH, tovuti ya Idara ya Mapato, mtoze kodi na muwasilishe ritani.

Fulana ndizo rahisi kuliko vyote: nguo za kawaida hazitozwi kodi ya mauzo katika jimbo hili, awe nani anayeziuza. Tiketi za bahati nasibu na bingo ni habari nyingine; leseni zake ziko kwa mweka hazina wa kaunti.